Samaki wa Mwezi Mpevu

Vijana wa depo wameniomba niandike habari za miaka yangu ya kupokea samaki, sasa kwa kuwa nimeondoka, na kiti changu pale mlangoni kimekaliwa na mwingine. Nilipoombwa, jambo la kwanza nililojiuliza ni nani aliyewatuma. La pili ni kitu gani wanachotaka kujua leo ambacho hawakuniuliza nilipokuwa nao kila siku. Sijapata jibu, lakini nitaandika. Kama kuna anayetafuta humu habari za mishahara na nani alipandishwa cheo kwa sababu gani, afunge karatasi akaendelee na kazi.

Nilizaliwa Shatanya, mjini Gitega, mwaka ule nchi ilipopata uhuru. Baba alishona viatu, mama aliuza sambusa na chai mlangoni kwetu. Sisi Waislamu wa mjini tuliishi kwa biashara na kazi za mikono, kwa sababu mashamba yalikuwa ya watu wa milimani. Ziwa Tanganyika nililijua kwa harufu kabla sijaliona kwa macho. Kamyo, yaani malori, zilipanda kutoka Bujumbura na Rumonge zikiwa zimejaa magunia ya ndagala, wale samaki wadogo wanaokaushwa na jua, zikashushia depo ya tajiri mmoja tuliyemwita Patroni. Pale depo magunia yaligawanywa kwenda Itaba, Nyarusange na masoko mengine ya milimani, ambako watu hula ndagala kwa maharage na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa.

Depo ilihitaji mtu mmoja wa kusema gunia hili liingie na hili lirudi lilikotoka. Mtu huyo aliitwa mdomo wa depo. Nilipofika, mdomo alikuwa Mzee Saidi, fundi cherehani wa zamani aliyeacha kushona kwa sababu, alisema, wateja walikuwa wanamwibia vitambaa vyao wenyewe. Mimi nilichukuliwa nimsaidie kwa sababu moja tu, ambayo hakuna aliyenificha. Mzee Saidi meno yalikuwa yanamwisha, na ndagala hupimwa kwa meno.

Siku ya kwanza aliniwekea mafungu matatu kwenye kitambaa cheupe akaniambia nile. Nikala, nikasema yote ni mazuri. Nilikuwa msichana mwenye adabu, nilidhani hilo ndilo jibu la adabu. Akaligusa kila fungu kwa kidole.

"Fungu la kwanza liko la wiki hii," akasema. "La pili liko la mwaka jana, wamelilowesha na maji ya chumvi, wakalianika tena. La tatu nusu yake mchanga. Kuanzia leo, mtu akikupa kitu mukononi, usiseme kizuri. Nyamaza kwanza."

Nimenyamaza kwanza tangu siku hiyo. Mume wangu, Mungu amrehemu, alilalamika sana juu ya jambo hili, hasa aliponiletea zawadi.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kulikuwa na kile chuma chembamba chenye mfereji, kinachotumika kwenye kahawa, cha kudunga gunia na kutoa kilicho chini bila kulifungua. Weka akilini, kijana, juu ya gunia ni pa kuonyesha na chini ni pa kuficha. Kulikuwa na kitambaa cheupe, kwa sababu ndagala iliyozeeka huacha doa la manjano la mafuta. Na kulikuwa na sikio. Ndagala iliyokauka mara moja ukiivunja inalia. Iliyoloweshwa na kukaushwa tena inapinda kwanza, halafu inakatika kimya.

Lakini kifaa kikubwa kilikuwa mwezi wa angani. Wavuvi wa ndagala hutoka giza likiwa zito, huenda mbali kwenye kina, huwasha taa, na samaki hupanda kufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, taa ya mvuvi haina kazi, na wavuvi hubaki nyumbani wakishona nyavu. Wachache huvuta wavu wa kokoro kandokando ya ufuko, wakipata cha kutia chunguni kwao. Kwa hiyo muuzaji akija na magunia mengi akisema ni samaki wa mwezi mpevu, ama ni mjinga au anakufanya wewe mjinga. Sisi tulikuwa na faida, kwa kuwa mwezi tuliuhesabu kwa ajili ya saumu na sikukuu. Tarehe kumi na tano ya mwezi wa Kiislamu mwezi ni mpevu, haijawahi kuwa vinginevyo. Mzee Saidi alikuwa akimuuliza muuzaji samaki ni wa lini, halafu anarudi nyuma kwa vidole vyake, na muuzaji anaanza kujikuna shingo.

Halafu kuna majira. Kiangazi upepo wa kusini unalichafua ziwa, mitumbwi inaogopa kina, lakini kinachopatikana kinakauka vizuri. Masika mito inashusha udongo, maji ya kandokando yanakuwa mekundu, samaki wanakwenda mbali, na hata wakipatikana jua hakuna. Gunia la masika lilikuwa linalala nje ya mlango wetu siku mbili kabla halijasogezwa. Nililishuku kama mgeni aliyekuja bila mzigo.

Mwishoni kulikuwa na sahani ya mlangoni. Hii ndiyo desturi ninayoiogopea zaidi kwamba mtaiacha. Samaki anatolewa chini ya gunia, anachemshwa kwa maji matupu, bila nyanya, bila kitunguu, kwa sababu kitunguu ni wakili wa samaki mbaya. Muuzaji na mdomo wa depo wanakula sahani moja mbele ya watu. Mdomo akimeza, gunia limeingia. Akitema, limerudi. Na muuzaji akikataa kula, hakuna haja ya mdomo kushika hata chuma, gunia linarudi hapo hapo.

Kesi moja ya Gitega niwape, ili muelewe kwa nini mambo ya Muyinga, nilikohamia baadaye, yalinikuta nilivyokuwa. Mfanyabiashara mmoja wa Nyarusange, aliyenunua samaki Rumonge, alikuwa akituletea magunia mazuri mwaka mzima. Mwezi wa Ramadhani akaleta mengi zaidi, mchana, akiwa na haraka, akisema mama mkwe wake anaumwa. Nilikuwa nimefunga. Wapo wanaosema kuonja na kutema hakufunguzi. Mimi sikuwa najiamini kwamba ningetema yote. Mzee Saidi akamwambia mtu yule asubiri magharibi, tule pamoja. Yule bwana akapakia magunia yake akaondoka, na mama mkwe wake tulimwona sokoni siku mbili baadaye, mzima kabisa, akibishania bei ya ndizi. Tangu hapo nilijua kwamba kuna watu wanaosubiri mwezi ambao mdomo wangu umefungwa.

Vita vilipokuja, barabara ya kwenda ziwani ikawa haiaminiki. Magunia yalikuja yakachelewa, au hayakuja. Patroni akafungua depo ya pili Muyinga, karibu na mpaka wa Kobero, apokee samaki kutoka Tanzania. Mzee Saidi alikuwa amechoka, kwa hiyo nikatumwa mimi, na binti yangu Sauda mgongoni. Muyinga nilikuta misikiti, nikakuta Waislamu wenzangu wanaouza nguo na mikeka, nikapata nyumba. Nilikuta pia watu wanaotabasamu sana, jambo ambalo lilinichukua miaka kulizoea.

Kwanza tulipokea dagaa wa ziwa la Mwanza, ambao ni ndugu wa ndagala na wana tabia zilezile. Baadaye, nchi ilipoanza kutulia, wakaja samaki wa bahari, wale wakubwa waliopasuliwa mgongoni, wakatiwa chumvi na kuanikwa, wanaoitwa ng'onda. Hao walinitia wasiwasi. Chumvi ni nguo, na mtu aliyevaa nguo nyingi siku ya joto lazima umuulize anaficha nini. Bahari sijaiona mpaka leo. Nilichojua nilikipata kwa dereva wa depo, Ramadhani, Mrundi aliyezaliwa ukimbizini Tanzania na kufanya kazi ya kamyo huko Tanga kabla ya kurudi nyumbani. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba bahari nayo ina majira. Upepo wa kaskazi ukivuma, bahari inalala na vyombo vinakwenda mbali, wanaleta nguru na papa. Upepo wa kusi ukivuma, katikati ya kiangazi chetu, kule mbali mawimbi ni makubwa na vyombo vidogo havitoki. Nikayaweka kichwani pamoja na mwezi. Nikaona sasa nina vifungo viwili vya mlango badala ya kimoja.

Mwaka mmoja Ramadhani ya mfungo ikaangukia kiangazi. Siku za mwanzo za saumu, asubuhi, akafika mlangoni mwanamke wa Kikongo, Mama Furaha, mjane wa kutoka Kivu ya Kusini aliyekuwa akiishi kambi ya wakimbizi ya Gasorwe na watoto wake. Nilikuwa nimemwona sokoni akiuza mafuta ya mawese kwa vikopo. Siku hiyo alikuja na magunia ya ng'onda, mengi kuliko alivyoonekana kuweza kununua. Magunia hayakuwa yake peke yake. Wanawake kadhaa wa kambini walikuwa wamechangia, wakamtuma yeye, kwa sababu alikuwa na binamu aliyeolewa pwani ya Tanga na alijua kusafiri. Nilichoelewa mara moja ni hiki, kwamba nikiyakataa, atarudi Gasorwe kusimama mbele ya wanawake wale na kuwaambia kwamba alichowaletea kimeitwa kibovu mlangoni kwangu. Na Muyinga nzima, mlango wangu ukikataa, hakuna mlango mwingine unaokubali.

"Samaki hii ilikamatwa lini?" nikamuuliza.

"Mwezi mukubwa, mama," akasema. "Ile siku watu bote banatembea usiku bila taa."

Hakuna muuzaji aliyewahi kunijibu hivyo. Hata mwongo mchanga kabisa anajua kusema giza. Nikahesabu kwa vidole. Mwezi mpevu wa Shaabani, siku za kukausha, siku za njiani, ilifika sawasawa. Na ulikuwa wakati wa kusi. Na alikuwa amekuja ndani ya mwezi wa saumu, asubuhi, mdomo wangu ukiwa umefungwa.

Nikanyamaza, nikachukua samaki wa chini ya gunia. Harufu ilikuwa safi. Mgongo haukuwa na wekundu kwenye mfupa. Nyama ilikuwa ngumu, na chumvi ilikuwa ya mawe, si ile ya unga inayotiwa mara ya pili. Pua ilisema mzuri. Mwezi ulisema haiwezekani. Na mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba pua inaweza kudanganywa, mwezi hapana.

Mwaka huo Mzee Saidi alikuwa Muyinga, amekuja kufunga kwa binti yake. Nikatuma aitwe. Akaja na fimbo yake, bila jino hata moja sasa, akakaa juu ya gunia tupu, akageuza samaki mmoja baada ya mwingine. Hakunusa. Aliangalia shingo, akaangalia mdomo. Samaki wa wavu hubaki na mstari pale alipobanwa, na samaki wa ndoano huchanika mdomoni.

"Mama Sauda, njoo uone," akaniambia. "Iko na alama ya wavu? Hapana. Iko na tundu ya ndoano? Hapana. Huyu alikamatwa na nani?"

Nikaangalia. Kweli hawakuwa na alama yoyote. Gunia la pili vilevile. Samaki wa kila aina walikuwa humo, wakubwa kwa wadogo, kana kwamba mtu alifagia.

"Alielea amekufa," Mzee Saidi akasema, "wakamuokota, wakamtia chumvi. Hii si biashara, iko sumu."

Alisema kwa sauti, na wanawake wawili waliokuwa wakinunua dagaa wakarudisha mikono yao nyuma. Mama Furaha alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Ramadhani alikuwa anafuta kioo cha kamyo. Akaja akasema, kwa Kiswahili chake cha kule, "Samahani, mzee. Hao si wa kuelea. Hao ni samaki wa uzio. Watu wanasimika vijiti kwenye maji machache, karibu na ufuko, kama ua wa nyumba. Maji yakiondoka, samaki wanabaki ndani ya ua, na mtu anawachukua kwa mkono. Mwezi ukiwa mpevu ndipo maji yanapoondoka mbali zaidi, na ndipo wanapopata wengi. Hata kusi ivume, uzio uko hapo kandokando, hauna shida."

"Maji yanaondoka," Mzee Saidi akarudia. "Yanaenda wapi?"

"Yanarudi baharini, mzee."

"Si yalikuwa baharini tayari?"

"Ndiyo. Lakini yanarudi nyuma zaidi. Halafu yanakuja tena."

"Nani anayavuta?"

Ramadhani akaanza kueleza, akaona uso wa mzee, akaacha. Mzee Saidi alikuwa amelijua ziwa tangu utotoni. Maji hupanda kidogo masika, hushuka kidogo kiangazi, na katikati hapo yanakaa pale Mungu alipoyaweka. Mimi mwenyewe nilikuwa upande wake. Tumeishi na ziwa ambalo halijawahi kuondoka hata siku moja, halafu tunaambiwa kuna maji yanayotoka asubuhi kama mtu anayekwenda sokoni. Na jambo jingine lilinigusa, nikalisema hapohapo. Kwa nini dereva wangu na mwanamke huyu, wote habari zao zinatoka Tanga?

"Mama, Tanga ni kubwa," Ramadhani akasema.

Nilimwambia aende nyuma ya depo, kwenye stoo, asubiri. Mama Furaha nikamwambia abaki mbele. Nilikuwa nimeamua kufanya kile ambacho Mzee Saidi alinifundisha kwa wauzaji wawili wanaoshirikiana: usiwaulize habari kubwa, kwa maana habari kubwa wamepatana. Waulize jambo dogo lisilo na faida kwa yeyote.

Nikakaa mbele ya Mama Furaha, nikamuuliza kuhusu maji hayo. Je, aliyaona kwa macho?

"Niliyaona, mama. Nilikaa pale pa binamu yangu siku mingi. Asubuhi tunaenda pa uzio kungojea itoke."

"Saa ngapi yalitoka?"

Akacheka kidogo, mara ya kwanza siku hiyo, cheko la mtu aliyechoka. "Ile ndiyo ilinikasirisha. Leo nafika, maji iko imeshatoka. Kesho nafika saa ileile, nakuta bado, nasimama. Kesho kutwa nasimama zaidi. Kila siku inanichelewesha. Nikafikiri mwenye uzio ananicheka, ananiambia saa ya uongo."

Nikamwacha, nikaenda stoo. Ramadhani alikuwa amekaa juu ya mizani, jambo lililokatazwa, lakini nilimwacha. Nikamuuliza maji huondoka saa ngapi.

"Haina saa moja, mama," akasema. "Kila siku yanachelewa kuliko jana. Mgeni anaweza kukasirika bure."

Nikasimama pale mlangoni mwa stoo. Sikuelewa maji yanaondokaje, na mpaka leo sielewi vizuri. Lakini kitu kinachochelewa kila siku kuliko jana nilikijua. Mwezi wenyewe hufanya hivyo. Ukipita siku ya kumi na tano, kila usiku unachelewa kuchomoza, na kila mtu aliyewahi kufunga analijua hilo. Mwongo hatungi uongo wa kuchelewa. Mwongo anakupa saa kamili.

Nikarudi mbele nikamwambia Mama Furaha asubiri magharibi, kutakuwa na sahani ya mlangoni. Mzee Saidi akasema nimelogwa. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba mdomo wa depo sasa ni mimi. Hakuna siku iliyonigharimu zaidi kumwambia mzee yule neno.

Habari ilifika Gasorwe kabla ya adhuhuri, kama habari mbaya zinavyojua njia. Alasiri wakaja wale wanawake wenye magunia, wametembea kwa miguu, vumbi hadi magotini. Wakakaa ng'ambo ya barabara, hawakumkaribia Mama Furaha. Mmoja alikuwa akimwangalia bila kupepesa. Wafanyabiashara wa soko nao walijisogeza, kila mmoja akijifanya ana shughuli pale. Jua lilipokuwa linashuka, nilichagua samaki mwenyewe, chini kabisa ya gunia la mwisho, nikamtoa chumvi, nikamchemsha kwa maji matupu. Mvuke ulipopanda, watu wote walisogea wakinusa.

Adhana ikalia. Nikafungua kwa tende na maji, kisha nikaweka sahani kwenye kiti kati yangu na Mama Furaha, vipande viwili sawa. Nikachukua changu. Nilitafuna polepole, nikitafuta uchungu nyuma ya chumvi, nikitafuta ule ulaini wa nyama iliyochelewa. Sikuupata. Nikameza.

Pale ilipaswa kuwa zamu yake. Mama Furaha akaangalia kipande chake, akaweka mikono yake mapajani.

"Mi sikuli," akasema.

Nyuma yangu nilisikia fimbo ya Mzee Saidi ikigonga chini. "Umeona," akasema. "Umeona sasa?"

"Kwa nini hukuli?" nikamuuliza. Nina hakika sauti yangu haikuwa nzuri.

"Mama, hii samaki nimeikula pale pa uzio, juu mwenye mali alitaka nione kama iko muzuri. Nimeikula njiani, juu dereva wa kamyo alisema sisi bakongo tunabeba sumu. Pa Kobero bakanikulisha mbele ya watu, kipande kwa kila gunia. Leo asubuhi mlinzi wako, mbele hujafika, akaniambia nikule mbichi na chumvi yake. Kila mulango ninakula samaki yangu kama mutu anayeapa. Nimeshiba kuapa. We umekula, umejua. Kama kinywa yako haitoshi, basi nirudishe."

Hakulia. Afadhali angelia, ningejua la kufanya, maana machozi ya wauzaji nilikuwa nimeyazoea. Nilikuwa mdomo wa depo kwa miaka mingi, na kwa miaka yote hiyo muuzaji asiyekula alikuwa amejihukumu mwenyewe. Hilo ndilo nililofundishwa na ndilo nililofundisha wengine, nanyi mmo. Ng'ambo ya barabara wale wanawake walikuwa wamesimama wote.

Nikanyoosha mkono nikachukua kipande chake. Nikakila na chenyewe, chote, mpaka ngozi. Halafu nikawaambia vijana wa kubeba waingize magunia.

Mzee Saidi aliondoka bila kuaga. Wale wanawake wakavuka barabara wakamzunguka Mama Furaha, na yule aliyekuwa hapepesi ndiye aliyembebea mfuko. Mimi nilikwenda nyumbani, nikalala, na sitawadanganya, nililala mkono ukiwa juu ya tumbo, nikilisikiliza. Kila lilipogeuka nilijiambia, ndio huyo samaki ameanza.

Baada ya alfajiri nilifungua mlango nikamkuta Mama Furaha ameketi kizingitini kwangu, amejifunika kitenge, vinyweleo vya mikono vimemsimama kwa baridi. Hakuwa amerudi Gasorwe. Alinikagua kutoka kichwani hadi miguuni kama mimi ninavyokagua gunia.

"Uko muzima?" akauliza.

"Niko mzima."

"Tumbo?"

"Limetulia."

Akashusha pumzi ndefu, akaegemea ukuta. "Bon. Mi sikulala. Banaisema sana ile samaki iko mubaya, pa kila mulango, mpaka usiku nikaanza kuwaza pengine iko mubaya kweli, na mi nimekukulisha kipande mbili."

Nikampa maji ya kunawa. Akatoa samaki mmoja kwenye kifurushi chake, akaomba moto, nikamwonyesha jiko. Akamchoma polepole, akakaa uani kwangu akamla peke yake, bila mtu kumwamuru, akinyonya mifupa. Nilikuwa nimefunga. Nilikaa mbele yake mikono mitupu, bila kitambaa, bila chuma, bila meno ya kutumia, nikimtazama usoni.

"Iko muzuri," akasema.

Nikamwamini.